Kusimamishwa Besi kwa Kosa la Kunukia Chai

Nikodemo Aikaeli,
Kirua Vunjo,
Moshi.
Jumatatu, 9 Septemba.

Kwako Mzee Efraimu,
Mwenyekiti wa Kwaya Kuu.

YAH: KUPINGA ADHABU YA MIEZI MITATU

Mzee wangu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini goti lako la kushoto limekubali dawa na kwamba ng'ombe amezaa salama. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Barua ya kamati niliipokea kwa mikono miwili. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya mke wangu Aikande, nikidhani huenda yangu ndiyo yenye makosa. Imeandikwa kwamba nimesimamishwa kuimba kwa "kuvuta sigara wakati wa mazoezi na kusababisha kwaya kutawanyika". Sina ugomvi na mtu. Naomba tu kuweka malalamiko yangu kwa mpangilio, ili yatunzwe kwenye faili na wajukuu wetu waje wayasome.

1. Kuitwa mvuta sigara.

Sigara niliacha Jumatano ya Majivu. Shahidi ni Aikande, aliyeizika pakiti ya mwisho kwenye shimo la mbolea huku mimi nimesimama pembeni kama mfiwa. Wewe unajua kwamba kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Baridi ya kambi za juu ndiyo iliyonifundisha sigara. Nilipostaafu nilishuka na kikohozi, nikaenda kwa daktari mmoja mjini. Akaiweka picha ya kifua changu kwenye mwanga, akaitazama kama mtu anayetazama shamba lililoingiliwa na mbuzi, akasema, "Mzee Nikodemo, acha sigara." Nikaacha. Hakusema niache chai.

Mgeni wangu wa mwisho, mzungu mpole aliyetapika siku tatu na bado akafika kileleni, alikuwa ameniachia zawadi ya sigara ya umeme, ile ambayo vijana huiita veipu. Mle ndani hamna moto, hamna majivu, hamna tumbaku. Kuna betri, kuna kijiwaya kinachopata joto, na kuna kitanki cha maji mazito yenye ladha, ambayo hugeuka mvuke. Basi tatizo lilikuwa ladha. Yale maji yalikuwa ya stroberi. Mtu mwenye wajukuu wanne hawezi kupumua stroberi mbele za watu.

Nilizunguka maduka ya simu ya Moshi mjini siku nzima. Embe ilikuwepo, tikiti ilikuwepo, kulikuwa hata na keki ya siku ya kuzaliwa. Nikauliza chai. Muuzaji mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, chai si unakunywa tu?"

Swali hilo liliniumiza. Nilirudi nyumbani nikaanza utafiti.

2. Uvumi kwamba napika dawa za kulevya nyuma ya banda la ng'ombe.

Napika chai. Naomba jambo hili lisomwe kwa sauti kwenye kikao.

Jaribio la kwanza nilichemsha majani mpaka yakawa meusi, nikamimina kwenye kitanki. Kidude kilitoa sauti ya chapati inayowekwa kwenye kikaango, kikanitemea mdomoni. Nikaelewa kwamba maji matupu hayafai. Jaribio la pili nilitia maziwa, maana chai isiyo na maziwa kwetu hupewa mgonjwa. Kijiwaya kiliungua, nyumba ikanuka sufuria lililosahauliwa, na kwa siku mbili paka wa jirani alinifuata kila nilipokwenda.

Ndipo nikaambiwa kwamba yale maji mazito ni jamaa wa glisirini. Glisirini ilikuwepo nyumbani. Ilikuwa ya Aikande, ya kupaka visigino wakati wa kipupwe. Niliichukua kwa nia ya kurudisha. Nikaloweka majani ya chai humo wiki nzima karibu na mafiga. Jaribio la tano lilinuka nyasi za ng'ombe. La sita nilizidisha tangawizi, nikakohoa mpaka Aikande akatoka mbio shambani akidhani ni ng'ombe aliyekabwa na ganda la ndizi. La saba nilitia iliki, na watu wawili waliokuwa wanapita njiani waliingia kuuliza msiba ni wa nani, kwa kuwa walisikia harufu ya pilau. La tisa la mchaichai lilifukuza mbu wote wa kihamba chetu, migombani mpaka mlangoni, na sikupata hata asante.

Aikande alitafuta chupa yake siku nne. Alipoikuta mikononi mwangu hakupiga kelele. Alivua kandambili, akaniinulia mguu, akasema, "Nikodemo, hebu tazama. Visigino vyangu vimepasuka, na wewe umekaa hapa unavuta dawa yake."

Nilimwambia sayansi ina gharama zake. Siku hiyo alipika machalari ya ndizi sahani moja.

3. Mnada wa sikukuu ya mavuno.

Chupa ya jaribio la kumi na moja niliileta kanisani kwa moyo safi, kama malimbuko ya kazi ya mikono yangu. Niliibandika namba 11 na kuiweka mezani kati ya mkungu wa ndizi na jogoo. Ndugu Anold, aliyekuwa akinadi, aliona rangi ya dhahabu akatangaza, "Asali ya nyuki wadogo!" Mimi nilikuwa mstari wa nyuma naimba. Ningewezaje kukatiza wimbo?

Mzee Valerian alishinda mnada. Akaitia kwenye chai yake asubuhi mbili mfululizo, akajisifu kwa majirani kwamba asali ile imekolea ajabu. Siku ya tatu alishinda chooni, mpaka wakampelekea redio huko huko.

Kamati ilinikemea. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mzee Valerian alikuwa amefunga choo tangu Pasaka. Kati ya vyote vilivyonadiwa siku ile, jogoo akiwemo, sijui kingine kilichomsaidia mnunuzi haraka namna hiyo.

4. Mazoezi ya Jumamosi tarehe 31 Agosti.

Hapa ndipo penye kesi, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Baada ya majaribio kumi na matatu nilijua kinachokosekana. Chai niliyoipika miaka ishirini na miwili ilikuwa na ladha ya kuni. Kilichokosekana kwenye mvuke wangu ni moshi. Nikayatundika majani ya chai juu ya mafiga siku tisa, yakakolea moshi wa kuni za mgrevilea, ndipo nikayaloweka. Ndiyo kusema, Mzee, nilitengeneza mvuke usio na moshi unaonukia chai yenye moshi, na nimeadhibiwa kwa moshi na watu wa wilaya inayoitwa Moshi.

Lilikuwa jaribio la kumi na nne, na lilifaulu. Nililivuta mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye kinu, na naomba uniamini, machozi yalinilengalenga. Niliwaona wenzangu wote wa kambini, hata waliokufa.

Jumamosi tukawa tunajiandaa kwa mashindano ya jimbo. Katika ule wimbo mgumu kuna mahali besi tunapumzika mistari miwili. Nami nikapumzika. Mvuke ulipita juu ya vichwa vya alto, ukaelekea kwa soprano. Mama Agness alinusa, akafunga kitabu chake cha nota, akasema, "Chai tayari." Akatoka. Soprano wakamfuata, alto wakafuata, na waimbaji wa sauti ya tena, ambao hawajawahi kuingia kwa wakati kwenye wimbo wowote, safari hii waliingia mlangoni kwa wakati. Mwalimu Amon alibaki mikono iko juu, anawaongoza watu ambao hawapo.

Watu arobaini waliteremka ukumbini. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa komeo, na walipoufungua wakakuta juu ya jiko kuku amelalia mayai. Hakuna aliyerudi. Kila mtu alikwenda kwake kunywa chai, na ninaambiwa wengine waliinywa kwa hasira.

Sasa naiuliza kamati kwa heshima: aliyewatoa ni mimi, au ni chai ya mazoezi ambayo kamati yenyewe iliiondoa tangu mwezi wa sita?

5. Haki sawa kwa wote.

Wanakwaya arobaini, wazaliwa wa mlima huu, waliolelewa kwa chai, walishindwa kutofautisha mvuke wangu na chai. Kwa hiyo moja kati ya mawili ni kweli: ama mvuke wangu ni chai, ama chai ni sigara. Njia ya tatu nimeitafuta wiki nzima, sijaiona.

Ikiwa mvuke wangu ni chai, naomba nirudishwe besi Jumamosi hii, na kwenye ratiba ya chai ya usharika niandikwe kama mtu anayejitegemea.

Ikiwa chai ni sigara, sitapinga adhabu hata kidogo. Naomba tu isiishie kwangu. Wote waliokunywa chai ile Jumamosi wasimamishwe miezi mitatu. Lile sufuria kubwa la Umoja wa Wanawake lifungiwe ofisini pamoja na mwiko wake. Mchungaji, ambaye kila Jumapili baada ya ibada hunywa vikombe viwili mbele ya watoto wa kipaimara, aitwe kwenye kamati ajieleze. Mimi sitamshuhudia vibaya, nitasema nilichoona. Kila mwenye nyumba aliyepanda mchaichai uani aung'oe mwenyewe kabla wazee wa kanisa hawajapita.

Nimepiga hesabu ya kwaya itakayobaki. Atabaki Dada Kindness, ambaye hunywa uji, na Ndugu Davis mwenye vidonda vya tumbo. Wanaimba vizuri wote wawili, ila ni alto na tena, na nijuavyo mimi mashindano yanataka sauti nne.

Nasubiri uamuzi wenu kwa utulivu. Nimekaa kwenye besi ya kwaya hii miaka kumi na tisa. Jumapili iliyopita nilikaa kwenye viti vya waumini, katikati ya watu wasiojua waingie wapi, na wimbo ulipofika pale chini nilisikia pengo langu. Sijui kama ninyi mlilisikia. Naomba mniambie kama mlilisikia.

Nisalimie Mama wa hapo nyumbani, Mwalimu Amon (mwambie mikono aishushe), Ndugu Anold na macho yake, Mzee Valerian akiwa anapatikana, soprano wote, na kuku wa jikoni.

Ni mimi, katika sauti ya chini,

Nikodemo Aikaeli

Nyongeza: Barua hii niliifunga asubuhi nikaondoka kuileta mwenyewe, ili mtu asije akasema imepotea. Kutoka kwangu mpaka kanisani ni mwendo wa nusu saa, na njia ni ya kupanda. Nilipumzika kwenye kalavati. Nikapumzika tena kwenye mfereji. Mara ya tatu nilipumzika bila kupanga: niliona tu nimekaa. Mama Agness, mwenye miaka sabini na moja, alinipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akanisalimu, akafika kwake, akautua, akarudi kutazama kama bado nipo. Nilikuwepo. "Baba Kindness," akaniuliza, maana binti yangu wa Dar naye ana jina hilo, "unaumwa?" Nilitaka kumjibu kwamba ni chai tu. Pumzi ya kusema maneno hayo sikuwa nayo. Alinishika mkono mpaka kwa Daniel, fundi viatu, na ndipo nilipoifungua tena barua niandike haya, kwenye benchi lake, kwa kalamu yake. Jaribio la kumi na nne nimelimwaga kwenye migomba yake, ameniruhusu. Kidude nimempa akifumue, anasema betri itamfaa kwenye tochi. Aikande ametumiwa ujumbe, na kesho tunashuka mjini kwa daktari. Kuhusu ile miezi mitatu, naomba muifanye sita, ila kiti changu msimpe mtu. Barua hii naiacha kwa Daniel. Ataileta yeye, kwa sababu mimi siwezi kufika huko juu.