Mwenye Cha Kuoza

Jumanne, 4 Machi
Injinia wa mradi wetu wa gesi ametoa amri. Nigonge nyumba arobaini za mtaa wetu, nipime taka zinazooza, ajue zitatoa gesi ya kupikia kiasi gani. Majibu Jumatatu, la sivyo kibarua kimeota nyasi. Arobaini! Kwa miguu hii? Akili ni mali. Nimeandika kikaratasi, nikatoa nakala, nikazipenyeza chini ya milango yote: “Mwenye cha kuoza nyumbani akiweke tayari. Jumamosi nitakuja kukipima na kukichukua bure. Kibichi ndicho bora. Mifupa sitaki.” Nikatia na jina langu. Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Mungu wangu! Mwenye bucha wa nyumba ya kumi na moja ananitafuta. Ana binti mmoja, mwembamba, anasomea ualimu. Fundi cherehani kaniletea habari huku akifuta machozi ya kicheko. Eti nimemwita binti wa watu “cha”, nataka kumpima kwa mizani, nimchukue bila mahari, na mifupa yake nimeikataa! Nikamwambia ni kuoza kwa takataka, si kuoza mabinti. Akasema nikamweleze mwenyewe, ila nisiende akiwa anakata mbavu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoka kwa dirisha la choo. Mke wangu anasema niende nikaombe radhi, muungwana ni vitendo. Rahisi kusema! Shingo si yake. Jioni mlango ukagongwa kwa nguvu. Nikaingia uvunguni. Kumbe msoma mita. Sikutoka hata hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kanisukuma nje na mizani yangu. Nyumba ya kumi na moja, mlango ukafunguka kabla sijabisha. Yeye! Aproni ina damu. Akauliza nimekuja kumpima nani. Nikalia. Kweli nililia, jitu zima. Binti akatoka na kikaratasi, neno “kuoza” kalizungushia kalamu nyekundu, akasema ningeandika “taka zinazooza” baba yake asingekosa usingizi siku nne. Akanipa ndoo ya maganda. Kilo tatu na nusu. Baba mtu akaniamuru nyumba zilizobaki nizigonge kwa mkono na niseme kwa mdomo. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi
Nimegonga nyumba sita tu, miguu imevimba. Bado thelathini na tatu, na Injinia ni kesho! Lakini nimefikiri. Kosa lilikuwa lile neno, si kikaratasi. Nimeandika kingine na kukipenyeza kote, nikaanza na kwa afande wa polisi aliyehamia juzi: “Kesho alfajiri kila nyumba itoe nje uchafu wake wote, msifiche hata kidogo. Nitaupima, nitauandika kwa jina la mwenye nyumba, na nitaupeleka ofisini.” Kuoza hakumo hata mara moja. Sasa nani atakasirika?