Nilivyomwelekeza Mama Mkwe Kuwasha Kompyuta Mbele ya Ukoo

Leo nimevuliwa nguo mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, mchana kweupe. (Nguo za heshima. Suruali ninayo, asanteni kwa kuuliza.) Naandika haya nikiwa nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, hapa Didia, kando ya zizi. Na kabla hamjaanza, nataka tuelewane: sijutii. Chekeni mpaka mbavu ziume. Sijutii.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda Shinyanga mjini, na juu ya mlango nimeandika "Daktari wa Kompyuta" kwa rangi nyekundu. Mnajua pia kwamba kila mashine ninayoimiliki lazima iwe na Linux. Hata kama Windows imo, Linux naiweka pembeni yake, mifumo miwili ndani ya mashine moja. Kabula, mke wangu, anasema huu ni ugonjwa. Mimi nasema ni msimamo.

Mwaka jana mama mkwe alihitaji kompyuta, nikampa yangu ya zamani. Windows nikamwachia afanyie mambo yake. Linux sikuitoa. (Ningeitoa vipi? Mkono haukwenda.)

Kwa wasiojua mambo haya: mashine yenye mifumo miwili ina kijiprogramu kinachoamka kabla ya vyote, kama mlinzi wa geti. Kazi yake ni kukuuliza, unaingia mlango upi? Nilimpanga huyo mlinzi asimuulize mama mkwe chochote, ampeleke Windows moja kwa moja. Akawa anaitumia kwa raha zake, wala hajui kwamba humo ndani kuna mlango mwingine.

Leo sasa. Leo ilikuwa misa ya kumbukumbu ya baba mkwe, mwaka mmoja tangu atutoke. Mpango ulikuwa kwamba baada ya misa, kabla ya chakula, picha zake zionyeshwe kwenye shuka jeupe chini ya turubai, na mama mkwe azielezee moja moja kwa kipaza sauti. Picha zote zilikuwa kwenye ile kompyuta. Na kulikuwa na video moja fupi ambayo marehemu anasikika akiongea. Simu aliyoirekodia ilishakufa. Sauti ya yule mzee haipo mahali pengine popote duniani, na mama mkwe alikuwa amewaahidi wajukuu kwamba leo wataisikia.

Asubuhi Kabula akaniletea kompyuta niikague. Ilikuwa nzima. Narudia, nzima! Fundi mwenye busara angeifunga, akanywa uji wake, akasubiri misa. Mimi nikaona kwenye diski kuna kipande kitupu kimekaa bure, nikasema ngoja nifanye usafi. Nani alinituma? Hakuna. Nikakifuta kile kipande, nikapanga vilivyobaki, nikazima, nikamrudishia Kabula. Sikuiwasha tena kuhakikisha. (Daktari huyo. Anashona mgonjwa halafu hatazami kama anapumua.)

Nilichosahau ni kwamba yule mlinzi wa geti anaishi kwenye kipande cha Linux, na anakitafuta kwa namba. Nilipofuta kipande kimoja, namba zikasogea. Mlinzi akaamka, akaenda kwenye namba ya zamani, hakukuta nyumba.

Hapo lazima niwaeleze na jambo la pili, maana bila hilo aibu yangu haitakamilika. Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mkwe wa kiume, na mama mkwe hawazoeani. Tangu nimuoe Kabula sijawahi kumpa mama yake mkono. Nikikutana naye njiani, nakaa kando apite. Nikiwa na la kumwambia, namwambia Kabula, Kabula anamwambia mama yake. Jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo, hata kama tunasikiana vizuri kabisa. Ndiyo heshima yetu na sina ugomvi nayo.

Misa ikaisha. Watu wakajaa chini ya turubai. Mama mkwe, ambaye ni mwalimu mstaafu, akakaa mezani na kompyuta yake na kipaza sauti chake. Mimi nikakaa upande wa sisi tuliooa, mbali, nimevaa koti. Mshereheshaji alikuwa bamdogo, mdogo wake marehemu, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, mtu ambaye hata bila kipaza sauti anasikika kijiji cha pili. Akatangaza kwamba vifaa vyote vimeandaliwa na mkwilima wetu, daktari wa kompyuta. Nikapigiwa makofi. Nikainuka kidogo kuyapokea. (Ndiyo, niliinuka.)

Mama mkwe akabonyeza kitufe.

"Kumekuwa kweusi," akasema, na spika zikayabeba maneno mpaka barabarani. "Kuna maandishi. Yanasema hakuna kipande kama hicho. Chini yameandikwa grub rescue." Akasita, kisha akatafsiri kwa faida ya wanafunzi wake wa zamani, ambao ni nusu ya kijiji. "Rescue ni uokoaji."

Sikuogopa kuchekwa, niliogopa ile sauti ya mzee imepotea. Mimi ninayewaimbia wateja kila siku kwamba wahifadhi nakala mahali pawili, nakala ya video ile sikuwa nayo hata mahali pamoja.

Bamdogo akaona pametulia sana, akasaidia. Akasema huko kwao Geita duara, shimo la dhahabu, likititia hawapotezi muda, wanauliza nani alifunga matimba, zile nguzo za kuzuia udongo. Shingo zote zikageukia upande wangu. Koti likaanza kunibana.

Suluhisho nililijua, msinidharau. Ni amri chache tu za kumwonyesha mlinzi nyumba yake mpya. Tatizo ni nani wa kuziandika. Betri ya kompyuta ilishachoka, inaishi kwa waya, na waya wenyewe ni mfupi, haitoki pale mezani. Basi atoke mama mkwe, nisogee mimi. Nikamtuma Kabula amwombe kwa adabu. Jibu likarudi kwa kipaza sauti.

"Mwambie mashine ni yangu na marehemu ni wangu. Aseme, nitaandika."

Basi nikabaki nimesimama kwenye kona ya turubai. Kabula katikati. Mama yake mezani. Ukoo mzima unatazama kama unaangalia mpira.

Nikamwambia Kabula, mwambie mama aandike l na s. Kabula akageuka, akamwambia. Mama mkwe alikuwa amenisikia tangu mwanzo, lakini alisubiri mpaka Kabula amalize. Akaandika kwa kidole kimoja. Mashine ikatema orodha ya vipande, naye akaisoma yote kwa sauti yake ya imla, mabano, h, d, sufuri, mkato, polepole na kwa utulivu mkubwa. Bibi mmoja nyuma, aliyedhani litania imeanza, akaitikia "utuombee."

Amri ya pili mashine ikaikataa. Ikasema haiijui. Nikamwambia Kabula amwambie arudie. Ikakataa tena. Jasho! Nikaanza kufikiri diski yote imekufa, nikaanza na kufikiri nitaishi wapi. Kumbe ile l na s mama mkwe aliiona ni herufi tu, lakini hii aliiona ni sentensi, akawa anaianza kwa herufi kubwa na kuifunga kwa nukta. Kabula akamweleza kwamba kompyuta haitaki hivyo. Mwalimu akakubali, lakini alieleza kwa kipaza sauti kwamba anafanya kosa hilo chini ya shinikizo.

Amri ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Ya mwisho ikapita. Skrini ikageuka rangi, na pale kwenye shuka ikatokea menyu ya mlinzi wa geti, ile ya kuuliza unaingia mlango upi. Nikarusha ngumi hewani. Kwa mchana ule shuka halikusomeka vizuri, kwa hiyo watu wakamgeukia mwalimu awasomee.

Na hapo, wapendwa, ndipo nikakumbuka.

Milango ile unaweza kuipa majina yako mwenyewe. Na mimi nilipokuwa naiandaa ile mashine mwaka jana, nikiwa peke yangu kibandani, niliipa. Nikacheka mwenyewe, kisha nikaificha menyu isionekane na mtu. Lakini ina tabia moja: mashine ikishindwa kuwaka vizuri, safari inayofuata menyu inajitokeza yenyewe.

Nikasema, "Kabula, mwambie mama asisome."

Kabula akageuka amwambie. Alichelewa.

"Kuna mistari miwili," mama mkwe akasema. "Wa kwanza unasema, 'Kwa wenye akili.'" Akashusha miwani, akaipandisha tena. "Wa pili unasema, 'Kwa Mama Mkwe.'"

Waliokuwa wanapakua wali waliacha. Bamdogo alifungua mdomo, akaufunga, na yule mtu hajawahi kuufunga. Kabula alinitazama kwa jicho ambalo halikuhitaji mkalimani.

Kisha mama mkwe akafanya kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu nimuoe binti yake. Alimruka Kabula. Akanitazama mimi mwenyewe, usoni.

"Mkwe. Mimi nichague upi?"

Nikajaribu kujibu kupitia kwa Kabula. Kabula alikuwa amekwenda kusimama upande wa mama yake. (Ndoa hiyo.) Ikabidi nijibu mwenyewe, huku natazama viatu vyangu, kwamba achague wa pili, Windows yake, ndiyo aliyoizoea.

"Hapana," akasema. "Sikusomesha watoto wa watu miaka yote ile ili mimi nikae benchi la nyuma."

Akabonyeza wa kwanza.

Turubai lililipuka. Watu walicheka mpaka shemasi akashika nguzo. Mimi sikucheka, nilikuwa naomba. Naomba kweli, midomo ikitembea. Na Linux, mnaidharau nyie, Linux ikafunguka! Safi, bila kigugumizi. Nikamwelekeza mwenyewe bila mkalimani, bonyeza pale mama, shuka chini mama, fungua hilo jalada. Sikuwa na la kupoteza tena. Picha zikawa zimo, zote, maana Linux hufungua hata kabati la Windows. Akaipita moja, akaipita nyingine, akaenda kwenye ile video kwanza kabisa.

Ilikuwa shambani, kwenye pamba. Mzee mwenyewe haonekani, yeye ndiye aliyeshika simu. Anayeonekana ni mama mkwe, amejifunga kanga, amekunja uso. Na sauti ya mzee ikatoka kwenye spika zile zile zilizoniumbua.

"Mama Kabula, geuka huku. Huku. Sasa mbona unanitazama kama mkaguzi wa shule? Cheka basi."

Na mama mkwe, pale mezani, akacheka, huku machozi yanamtoka. Wajukuu wakataka irudiwe, ikarudiwa, ikarudiwa tena. Bamdogo alikwenda nje akajifanya anaongea na simu. Mimi nililia, na sitaki mtu aniulize kuhusu hilo.

Picha zilipokwisha, heshima ikarudi mahali pake. Mama mkwe hakunitazama tena. Alimgeukia Kabula, ila kipaza sauti hakukizima.

"Mwambie mume wako mambo mawili. Wabeja, namshukuru. Na hayo majina ayabadilishe kabla hajala."

Kwa hiyo niko hapa nyuma ya nyumba, nimeunga waya wa umeme kupitia dirishani, kompyuta mapajani, na ng'ombe mmoja anatazama kazi yangu. Wenzangu wanakula. Kuku wangu wa mkwilima yuko chini ya kawa, na bamdogo amejitolea kumlinda, jambo linalonitia hofu. Majina nimeletewa na Kabula yakiwa tayari, mimi ni kuandika tu. Mlango wa kwanza unaitwa "Mwalimu." Wa pili unaitwa "Mkwilima, akishajifunza." Nimeyaweka kama yalivyo. Ameagiza pia kwamba kuanzia leo yeye anaingia kwa mlango wa kwanza tu, hataki tena ule mwingine. Mmesikia? Mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa Didia, ni mtu wa Linux! Nyie endeleeni kucheka.

Lakini hata kabla ya majina, nimefanya kazi moja. Nimeinakili ile video kwenye simu ya Kabula, ya bamdogo, ya kila shemeji aliyepita karibu, na kwenye flashi mbili ambazo moja nimeivaa shingoni.

Sasa nikuulize wewe unayecheka kwa sauti kuliko wote: sauti ya baba yako umeihifadhi wapi?