Magunia ya Kuazima

Jumanne, 8 Machi 2005
Wiki ya tatu ya ndoa! Leo Tluway wangu, akienda kutengeneza redio za watu, aligeuka kunitazama mpaka akajikwaa kizingitini. Nani mwingine hapa Mbulu mjini anapendwa hivi?

Lakini kuna jambo. Mama mkwe anakuja Jumapili kutoka Nambis. Tluway ni kitinda mimba, ambaye kwa mila hubaki nyumbani kwao, na mama anataka tuhamie kwake. Eti watu wa mjini wakikosa mboga hulamba chumvi. Nikamtumia salamu kwamba tuna mboga tulizopanda kwenye magunia ya udongo, na zinalisha mtaa mzima!

Magunia ninayo, mawili. Miche ina urefu wa kucha.

Alhamisi, 10 Machi
Balaa! Nilitaka miche ikimbie, nikaijazia samadi mbichi, ile inayofuka moshi. Imeungua yote. Tluway akasema hata nikilia ninapendeza. Mume gani huyu! Ila mboga hakuna.

Jirani yetu Violeth ana magunia manne ya mchicha na spinachi. Yanaringa kama mwenyewe. Kumwomba? Afadhali nife.

Ijumaa, 11 Machi
Nimemwomba. Kwanza akauliza kama bibi harusi ameshiba mapenzi sasa anataka mboga. Nikameza. Amekubali kuniazima magunia mawili kwa sharti lile la ng'ombe anayepewa mtu amtunze: majani machache nile, kama mtunzaji anavyokunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wake. Na akifia kwangu, nimpelekee ngozi kama ushahidi. Alicheka sana. Mimi niliyaburuta magunia hadi kwangu upesi, kabla hajabadili nia.

Jumapili, 13 Machi
Leo nimeona makubwa.

Mama alifika, nikampa shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye magunia. Akafinya udongo. Akanusa jani. Ghafla akapaza sauti: akina mama wa mtaa, njooni mchume, mkwe wangu ana mkono wa baraka!

Walikuja na masufuria. Restituta mimi nikawa nawashikia masufuria. Mama wa mapacha alisema wanawe wamekula ugali kwa chai tangu siku ya mnada. Wakachuma mpaka yakabaki mabua. Violeth naye alikuja kutazama. Mama akamkabidhi fungu la mchicha wake mwenyewe, akamshauri ajifunze kilimo kwangu. Lile jicho la Violeth!

Lakini tumeshinda, niliwaza. Tunabaki mjini!

Mama akanikumbatia. Akasema kuuacha mkono kama huu kwenye gunia ni dhambi. Amenitengea shamba zima la bondeni. Jumapili ijayo anakuja kutuchukua.

Jumatatu, 14 Machi
Nimerudisha magunia. Violeth akayatazama mabua, akasema hii ni ngozi tu, mdogo wangu, hata mkia hukuacha. Mchicha utachipua tena, lakini nimwagilie mimi mpaka upone.

Tluway anasema tumwambie mama ukweli. Atacheka, atatuacha tukae, na Violeth anifundishe kweli kupanda. Ukweli! Na jana mama kaniita binti yake! Mpenzi wangu ni mzuri wa sura, mipango hana.

Nina njia bora. Jumapili nitaumwa mgongo, mgongo wa kutogusa jembe kabisa. Babu yake Violeth ana fimbo nzuri ya kutembelea. Nakwenda kuiazima. Ni ya siku moja tu!