Ombi la Kupuuzwa Kama Zamani

Bodi ya Ushauri ya Wananchi,
Uwanja wa Ndege wa Mji,
Prosek, Nebraska.
Juni, sufi imeshaanza kuanguka.

Kwa Mheshimiwa Meya Renee Kolterman na Waheshimiwa Madiwani wote,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TABIA MPYA YA BARAZA KUFUATA USHAURI WETU

Natumaini mu wazima, na kwamba mvua ya mawe ya wiki jana haikuyabonyeza magari yenu. La kwangu limebonyea boneti, lakini silo lililonikalisha mezani.

Mimi ni Lavonne Hruska, mjane wa Leonard Hruska, na ni mwenyekiti wa bodi iliyotajwa hapo juu tangu siku ile niliyochelewa kikao, wenzangu wakanichagua kabla sijafika. Tuko raia watano. Hatulipwi. Tunakutana kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi katika chumba cha marubani, karibu na mashine ya kahawa, na mimi ndiye ninayeoka kolachi, vile vikate vitamu vya Kicheki, za plamu na za mbegu za mpopi ili watu wasiondoke mapema. Kazi yetu, kwa mujibu wa sheria ndogo ya mji, ni kulishauri baraza namna ya kuuendesha uwanja wetu: nyasi, taa, mafuta, kodi ya mabanda, kelele. Kazi yenu ilikuwa kutushukuru.

Mpango huo ulikwenda vizuri miaka yote. Sisi tulishauri, barua ikaenda, jibu likarudi na maneno yale yale: "Tumepokea, tunashukuru, tutatafakari." Hakuna aliyeumia. Kisha ukachaguliwa wewe, Mheshimiwa, ukahudhuria semina ya mameya, ukarudi ukiamini kwamba wananchi wakisema neno ni lazima litendwe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema anayesikia la mdogo atavunjika nini, lakini mimi naanza kuona.

Basi kwa heshima zote, naomba kueleza madhara tuliyopata.

1. Gari la wageni. Mnajua rubani mgeni akitua kwetu huchukua ufunguo kwenye msumari ukutani, akaenda mjini kula, akarudi na kuuning'iniza tena. Gari lenyewe lilikuwa la polisi zamani, lenye wavu wa chuma katikati, na milango ya nyuma haifunguki kwa ndani. Miaka nenda miaka rudi tulishauri libadilishwe. Jambo hilo peke yake lilimaliza nusu ya kikao, watu wakachangia kwa moyo, wakala kolachi zote. Mwezi wa tatu mkalibadilisha. Sasa kuna gari jeupe linalopiga kelele usipofunga mkanda. Kuna rubani wa Kansas aliyekuwa akija kila mwezi na mama mkwe wake, akimkalisha nyuma. Hajaonekana tena. Vikao vyetu vinakwisha mapema na mimi narudi nyumbani na sinia zima.

2. Uzio. Tulishauri ujengwe uzio kwa sababu kulungu walikuwa wakilala kwenye njia ya kurukia, na Gordon Petska, meneja wa uwanja, ambaye pia ni meneja wa maji machafu na mkamata mbwa wa mji, alikuwa akiwafukuza kwa trekta la kukatia nyasi kila ndege ikitaka kutua. Mkajenga uzio. Ni mzuri, mrefu, imara, umezunguka uwanja wote bila pengo, na mafundi wenu waliumaliza haraka sana, kulungu wakiwa ndani. Sasa hawana pa kutokea. Gordon amekwisha kuwapa majina. Mtauliza kwa nini hatukushauri kwanza watolewe. Jibu ni kwamba hatukudhani mngefika huko.

3. Tangazo la vikao gazetini. Tulishauri tu kwa adabu. Mkatangaza, watu wakaja, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza bodi hii inafanya nini hasa. Tulitazamana.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba mkae chini.

Kila mwaka, mwezi wa Januari, bodi huleta kwenu ripoti ya usalama. Ripoti hiyo aliiandika mwenyekiti wa kwanza, Mungu amrehemu, na sisi tuliofuata tumekuwa tukibadilisha mwaka tu juu yake. Ndani yake kuna aya inayosema: "Miti yote iliyo kwenye njia ya ndege zinazotua ikatwe bila kuchelewa." Imekuwamo humo siku zote, kama chumvi ndani ya mkate. Kila mwaka tunapiga kura, wanne tunakubali, na Duane Vopat anakataa. Duane ni rubani wa zamani wa kunyunyizia dawa mashamba, siku hizi anafundisha watu kurusha ndege, na tangu nimjue hajapata kukubaliana nami hata juu ya hali ya hewa. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu nimekuwa nikiandika, "Bwana Vopat amepinga, kama ilivyo kawaida yake." Mwaka huu aliongeza neno. Alisema, "Shemeji, hebu siku moja soma unachosaini." Nikamwambia, "Duane, kula kolachi yako unyamaze." Nikasaini.

Waheshimiwa, mti wenyewe ni mmoja. Ni mpopla wangu. Ule ulioko nyuma ya jiko langu, upande wa kusini wa uwanja, unaomwaga sufi mji mzima kila Juni mpaka mnafunga madirisha. Jumatano iliyopita alikuja kijana mpole mwenye kofia ngumu na msumeno wa mashine, akabisha hodi, akanionyesha karatasi yenye sahihi. Sahihi yangu. Akasema, "Samahani, mama, hapa imeandikwa bila kuchelewa." Nilimwambia arudi siku nyingine, na kwa kuwa ni mtoto wa watu nikampa viazi na soseji, akala, akaenda. Lakini msumeno wake ameuacha barazani kwangu. Ninaporudi kutoka sokoni ndio unaonipokea.

Naomba nieleweke. Mti ule aliupanda Leonard mwaka tuliooana, ukiwa mwembamba kama mpini wa jembe. Alikuwa akitoka angani jioni anapita juu yake, anatikisa mabawa mara mbili, nami najua ni wakati wa kuweka viazi motoni. Hatukuwa na simu ya shambani, hatukuihitaji. Ameondoka huu mwaka wa sita. Ndege yake tuliiuza, banda lake wamepanga wengine, viatu vyake nilivipeleka kanisani. Kilichobaki ni mti. Naupenda mti ule, sioni haya kusema hivyo, na wala sitaki kuambiwa habari za mbao.

Najua mkaguzi wa jimbo alisema nini alipokuja. Alisimama mwisho wa lami, akaelekeza mashine yake juu, akasema mti umezidi. Mimi nasema mti haujazidi, ni lami iliyosogezwa karibu. Mti ulikuwapo njia ikiwa bado ya majani. Kwa kawaida anayekuja nyuma ndiye anayepisha.

Kutokana na hayo, na kwa kuwa mnapenda sana kushauriwa, naleta mapendekezo yafuatayo.

Mti usikatwe, bali uwanja ndio usogezwe. Upande wa mashariki kuna shamba la mahindi la Duane Vopat, tambarare kabisa, halina mti hata mmoja wala mtu anayelipenda. Ikionekana gharama ni kubwa, basi njia ya kurukia ielekezwe upande mwingine, mashariki kwenda magharibi. Nafahamu kwamba upepo wa kwetu huvuma kutoka kusini na kaskazini, lakini upepo nao haujawahi kushauriwa rasmi, na mimi niko tayari kuunda kamati ndogo.

Pili, iundwe bodi nyingine ya raia, itakayolishauri baraza ni ushauri upi wa bodi yetu usifuatwe. Ili bodi hiyo nayo isije ikafanya makosa, ushauri wake pia usifuatwe mpaka bodi ya tatu iupitie. Nimeshazungumza na watu. Wako tayari, mradi kuwe na kolachi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, baraza lirudi kwenye desturi. Ushauri ukifuatwa si ushauri tena, ni amri, na mimi sikupigiwa kura na mtu yeyote ili niamuru. Raia anaposhauri huwa anafungua moyo wake tu. Huwezi kumfuata mtu mpaka kwenye maneno yake ukayajenga kwa zege. Mkitaka kutenda, tendeni yenu. Yetu yapokeeni, shukuruni, tafakarini, myafungie kabatini. Hapo ndipo uhuru wa mtu wa Prosek kusema lolote ulipokuwa ukilindwa, na tangu kabati lifunguliwe hakuna aliye salama. Leo ni mti wangu. Kesho mtakumbuka tulishauri pia mashine ya kahawa ibadilishwe, na huyo Duane atakufa kwa huzuni.

Nilimweleza Duane hoja hizi zote dukani. Alinisikiliza akitafuna kijiti cha meno, akasema, "Mkuki kwa nguruwe, shemeji." Hakujibu hoja, hiyo ni methali tu, na nimeandika kwenye kumbukumbu kwamba amepinga kama ilivyo kawaida yake.

Nawasilisha malalamiko haya kwa unyenyekevu, nikitarajia kwamba hayatafanyiwa kazi isipokuwa pale yanaposema msifanye kazi. Msalimie mumeo, Mheshimiwa, na goti lake. Wasalimieni wote wa ofisi ya mji, pamoja na karani aliyeniita "mwanaharakati", sina kinyongo naye. Gordon anawasalimu, na kulungu pia.

Mimi wenu katika kulitumikia anga la Prosek,

Lavonne Hruska
Mwenyekiti

N.B. Barua hii nilikuwa nimeiweka tayari ndani ya bahasha, ikisubiri posta ifunguliwe Jumatatu. Leo ni Jumapili na nimeichana bahasha.

Jana mjukuu wangu Adela alirusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi kwenye maghala ya nafaka, na mwalimu wake ni Duane. Hakuniambia, alitaka iwe zawadi. Nilikuwa jikoni nikasikia injini upande wa kusini, nikatoka nje, nikaona ndege ndogo inashuka kuja kwangu, ikatikisa mabawa mara mbili. Waheshimiwa, nilisahau mwaka. Niligeuka kwenda kuweka viazi motoni. Nikiwa mlangoni nikasikia mlio juu ya mti, kama kitambaa kinapasuliwa, halafu injini ikanguruma, halafu kimya. Sijui nilifikaje uwanjani. Uzio wenu nadhani niliupanda.

Alikuwa ametua salama. Amesimama kando ya ndege anacheka, na kwenye gurudumu kumenasa tawi la mpopla lenye majani yake. Akalichomoa, akanipa. "Bibi, salamu kutoka kwa mti wa Babu," akasema. "Nilitaka nipite juu yake kama yeye."

Babu yake alipokuwa akipita hivyo, mti ule ulikuwa haujafika hata kwenye paa la jiko.

Duane hakucheka. Alivua kofia, akaja kunisindikiza nyumbani, akaketi mezani kwangu. Akasema, "Kila Januari nilikuwa naupigia kura mti wa Leonard. Mwanzoni nilidhani wewe umeamua, nikasema basi angalau mmoja wetu aukatalie. Mwakani sikatai, shemeji."

Tawi nimeliambatisha hapa, mlione.

Kijana wa kofia ngumu aje Jumanne. Msumeno wake uko pale pale alipouacha, na nitakuwa nimepika. Aniachie kisiki kirefu cha kukalia, ili Adela akipita niwe nje namwona, na yeye anione.

Kuhusu barua yenyewe, huu ni ushauri wa raia, umetolewa kwa nia njema na umesainiwa na mwenyekiti. Naomba muupokee, mshukuru, mtafakari, muufungie kabatini, na mkate mti.

Safari hii nimesoma kabla ya kusaini.

L. H.