Gari la Marehemu Kaka Limekataa Kuwaka

Alhamisi, 4 Desemba. Kitale.

Jentrix amepiga simu kutoka Bungoma. Anaolewa Jumamosi, na anataka nimpeleke kanisani kwa gari la baba yake. Baba yake ni kaka yangu Wabwile, tuliyemzika mwaka jana. Gari liko uani kwangu chini ya turubai. Kuku wanalipenda.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Sababu ya kwanza ni mapenzi. Ya pili ni Kipketer, mjomba wake wa Cheptais, aliyejitolea kumbeba kwa gari lake jipya, lile la kuwashwa kwa kitufe. Kwenye mkutano wa harusi alicheka, ati la Wabwile ni la makumbusho.

Jioni nimelijaribu. Limekohoa, likanyamaza. Nimekanyaga petroli tena na tena. Likaacha hata kukohoa. Mke wangu Emmy amesema kutoka jikoni kwamba mboga inanuka petroli. Nimemwomba afunge dirisha.

Ijumaa, 5 Desemba. Kitale.

Nimegundua tatizo: betri. Nimeazima ya jirani, Mathenge. Injini sasa inazunguka kwa bidii, ila haiwaki. Basi si betri. Nimegundua tatizo la kweli: petroli haifiki. Dawa ni kukanyaga zaidi. Emmy ameuliza, kama haifiki, hii inayomuumiza kichwa imetoka wapi. Sijapenda sauti yake.

Kipketer amepiga simu kuuliza hali ya gari. Nimesema liko sawa kabisa. Kwa bahati mbaya mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo, akasikia.

"Shemeji, hiyo imekunywa mafuta mingi," amesema. "Plagi zimelowa. Wacha kupampu, bana. Fungua hizo plagi ukaushe, halafu kanyaga mpaka chini, ushikilie hapo hapo ukiwasha. Hewa iingie."

Mshindani hagawi dawa bure. Ni mtego. Nimekanyaga zaidi kumkomoa. Kisha nimemtumia ujumbe: ibada imesogezwa hadi saa tano. Kwa kweli ni saa tatu. Akifika, bibi harusi atakuwa ameshabebwa na mtu anayestahili.

Jumamosi, 6 Desemba. Bungoma.

Alfajiri limekataa. Emmy alisimama uani na gauni lake jipya, ameziba pua. Nilifungua plagi, kwa uchunguzi wangu binafsi. Zote zimelowa chapachapa. Nilizipangusa kwa tai yangu maana sikuona kitambaa. Nikazirudisha, nikakanyaga mpaka chini, nikashikilia. Moshi mweusi, halafu mngurumo. Ningefika hapo hata bila Kipketer.

Niliingia Bungoma nikipiga honi. Shangazi wakapiga vigelegele. Nikazima injini nisalimie watu. Magari mengine yalikuwa yameshatangulia kanisani. Jentrix akaingia na shela yake, wote wakitazama, nami nikakanyaga kwa fahari, mara kadhaa, wasikie injini ya zamani inavyonguruma.

Nikageuza ufunguo. Hawakusikia kitu.

Shangazi mmoja akauliza Kipketer yuko wapi. Mama Jentrix akampigia simu. Alipomaliza alinigeukia.

"Hesbon, anasema ni wewe ulimwambia saa tano."

Nikainama kukagua gurudumu.

Nilidhani Jentrix atalia. Aliyekaribia kulia ni mimi. Alishuka, akakusanya gauni mikononi, akasema, "Baba mdogo, sogea kidogo." Akakaa kwenye usukani. Hakuwasha. Alitulia tu, mikono mapajani. Akasema baba yake pia alikuwa akilinywesha mafuta asubuhi za shule, akidhani ukikanyaga sana litafanya haraka. Halafu inabidi wangoje, wawili humo ndani, yeye na yunifomu yake, na baba anamuuliza saba mara nane ni ngapi.

"Si hapa ndio nilijulia hesabu," akasema. Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Niliyatazama maua yake ya harusi.

Kisha kiatu cheupe kikaenda mpaka chini, kikabaki hapo. Akageuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikawaka.

Alijiendesha mwenyewe hadi kanisani. Mimi nilikaa kando nimeshika maua, na watu walipiga picha njia nzima. Kipketer alitukuta mlangoni, jasho likimtiririka, shati limetoka nje. Nilitayarisha maelezo marefu. Hakuyaulizia. Alininyooshea tai tu, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, unanuka plagi," akasema.

Jumapili, 7 Desemba. Bungoma.

Nimelitafakari jambo lote kwa makini. Jentrix asingeweza kuliwasha kama mimi nisingekuwa nimeshaipa injini petroli ya kutosha. Kwa haki, sifa ni zangu. Nimewaeleza shangazi baada ya chai. Wamekwenda kuosha vyombo.

Mchana tulipanga kurudi Kitale. Gari limekataa. Kipketer amesimama dirishani, amenisihi nitoe mguu. Nimemshukuru kwa heshima. Amesema basi atatufikisha kwa gari lake. Emmy ameshaingia na kufunga mkanda.

Nimewaambia watangulie, nitawapita njiani. Limebaki kukanyagwa kidogo tu.