Kupepeta Mpunga kwa Helikopta

Jumatatu, 16 Juni 2025
Eeh, nilikuwa kwenye habari ya Ulimboka jana, maharage yakaungua nikaacha kalamu. Basi ni kweli, helikopta ni yake mwenyewe! Huyu huyu mtoto wa jirani, marehemu baba yake mtu wa reli. Ndogo, ya watu wawili, milango haina. Bajaji iliyofungwa pangaboi kichwani. Anaiweka Mikumi, anafukuzia tembo kwenye mashamba ya watu. Kaja Kilosa kumsalimia mama yake, katua uwanja wa mpira, pale pale tunapoanika mpunga.

Sasa sikia. Upepo wake ulipita pembeni ya turubai langu. Makapi yakaruka, mpunga ukabaki unang'aa! Na wiki nzima hakuna upepo wa kupepetea. Jumamosi ni harusi ya Yusrah, mtoto wa dada yangu, na mpunga wa pilau nimekabidhiwa mimi. Gunia tatu! Nikajiambia, Siwema, umeletewa ungo wa chuma.

Hildegarda, mkuu wa kamati ya chakula, kanisema mbele za watu. Eti mpunga usipofika mashineni Ijumaa, kazi anachukua yeye. Eti ningepepeta kwa mdomo wangu ningekuwa nimemaliza tangu Mei. Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini roho iliniuma.

Jumatano, 18 Juni
Nimemnasa Ulimboka. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, chai na mihogo mezani. Nikamwambia nilimbeba mgongoni akiwa na surua, leo anapita juu ya bati langu kama hanijui. Kaona haya. Kesho ananirusha! Habari ya mpunga sikumwambia. Ya nini kumchosha?

Kauliza nina kilo ngapi, maana chombo chenyewe chepesi. Nikasema sitini. Si uongo. Niliwahi kuwa nazo.

Alhamisi, 19 Juni
NIMERUKA! Mwandiko mnisamehe, bado niko angani.

Wakati Ulimboka anakunywa chai kwa mama yake, nikaburuta maturubai mpaka jirani na helikopta. Kaja, kauliza mbona karibu hivi. Nikasema kule kuna umande. Kanifunga mkanda, ukafika kwa shida. Kanitazama, kauliza, mama, sitini hizi? Nikaangalia milima.

Ikawaka. Lo! Meno yanagongana kama umekalia cherehani. Ikainuka kimo cha mbuzi, ikagoma. Iko hapo hapo, inahema. Chini makapi yanaruka, wanawake vigelegele, nikampungia mkono Hildegarda. Ulimboka kapiga kelele nitulie! Kaongeza moto, ndipo ikapanda.

Nikafumba macho. Bismillahi. Nikafumbua. Jamani! Hakuna bati, hakuna ukuta, ni vidole vyangu vya miguu halafu Kilosa. Mto Mkondoa kama uzi. Reli. Upepo unaingia mpaka rohoni. Woga uliniishia sijui saa ngapi, nikajikuta nacheka. Na watu wadogo mno, humjui nani ni nani, nani anatoka nyumba ya nani. Mara ya kwanza nimeiona Kilosa nzima na sina la kumsema mtu.

Halafu nikaona maturubai. Matupu.

Mpunga umekwenda na makapi yake. Mtaroni, majanini, na kuku wa mtaa mzima wamekula harusi kabla ya siku. Dada kalia. Yusrah kachukua ungo, kaanza kuokota punje moja moja mtaroni, na hilo ndilo baya zaidi.

Ijumaa, 20 Juni
Nimejifunika gubigubi, sitoki leo. Hodi! Hildegarda, na nyuma yake wanawake, kila mmoja na ndoo ya mchele. Yeye kaleta gunia zima. Kasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mtoto. Na jikoni nisionekane, nikae na wageni niwapigie soga, hiyo kazi naiweza. Nikamkumbatia. Kasema nimwachie, nitamvunja mbavu kwa sitini zangu. Kumbe Ulimboka kashatangaza!

Jumamosi, 21 Juni
Yusrah kapendeza, mashallah! Pilau iko motoni, masufuria matano. Tatizo ni moja tu, kuni mbichi. Moshi umejaa, wageni wanalia kama wako msibani, wanja wa bibi harusi unachuruzika. Hildegarda anapepea kwa ungo, masikini, mpaka jasho. Nimemwonea huruma. Kanitendea wema, na wema hulipwa.

Nimemwambia Ulimboka maharusi wanataka picha na helikopta, asogee nyuma ya jiko, pangaboi lizunguke kidogo tu. Hairuki hata! Na mimi simo ndani, kwa hiyo uzito haupo. Juzi kosa lilikuwa ule uzito, ndio uliotugandisha juu ya mpunga, nimeshalijua. Nachungulia hapa dirishani huku naandika. Haya, anawasha. Moshi unaondoka! Jamani, unaondoka wote! Nilisema m

Hildegarda ananiita. Kwa jina langu, la baba na la babu. Na mfuniko wa sufuria umepita hapa dirishani, juu. Naenda.