Koplo Asiyerudi Nyuma

Jumatatu, 2 Juni

Nimetukanwa! Hadharani, katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani kwetu Section 58, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Mwalimu Cheruto, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wasomaji, amesema kitabu changu cha maisha ya jeshini, *Koplo Asiyerudi Nyuma*, kinachosha. Kinachosha! Ati kila ukurasa nashinda mimi. Ati nilikuwa dereva wa lori la maji, sasa hilo lori lilikuwa linatokaje gereji bila kurudi nyuma? Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Halafu akakisifu kitabu cha Kipkemboi, jirani yangu, mkimbiaji mstaafu. Ati kina ukweli. Ukweli gani? Mtu alivaa kaptura akakimbia, basi.

Jumamosi watachagua kitabu kimoja kisomwe na vijana wa kanisa. Kitakuwa changu. Wapende wasipende.

Jumatano, 4 Juni

Wangui, mke wangu, kanishauri nikisome kitabu cha Kipkemboi nijue watu wanapenda nini. Nimemwambia askari hapotezi wakati kusoma mambo ya adui. Akauliza, "Baba Kui, si hiyo ndiyo kazi ya askari?" Nikaenda mtaa wa Rhonda kunyolewa.

Kinyozi wangu aliwahi kukimbia na Kipkemboi. Nikamchimba polepole. Kumbe! Mbio za Molo, akiwa anaongoza, Kipkemboi aliishiwa nguvu, akakaa kando ya barabara, akalia kama mtoto, akarudi kwao ndani ya pikapu ya maziwa. Shujaa huyo! Nilifurahi hadi nikatoka mbio na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa.

Ijumaa, 6 Juni

Watu wamenitazama kichwa mtaa mzima. Nimewakazia macho.

Nimeshuka mtaa wa Kaptembwo kumwona Sitati, tuliyekuwa naye jeshini kule mpakani. Nimempanga vizuri. Kesho atasimama aeleze jinsi nilivyopita na lori katikati ya risasi huku nikiimba. Akauliza, kuimba? Nikasema ndiyo, kuimba. Akatabasamu, akasema sauti yangu ya siku ile hawezi kuisahau.

Safi kabisa. Nina silaha mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewahi kupigwa vita, lakini hivi? Hapana.

Nilisimama wa kwanza. Nikanguruma kwamba Kipkemboi ni mwongo, anawaficha aibu ya Molo. Nikaitoa pikapu. Nikatoa maziwa. Nikatoa machozi. Nikangoja wazomee. Mwalimu Cheruto akainua kitabu cha Kipkemboi. Pikapu iko kwenye jalada! Mimi siku zote nilidhani ni tangazo la kampuni. Akasema hiyo ndiyo sura ya kwanza, na ndiyo iliyomfanya aendelee kusoma.

Kipkemboi mwenyewe hakukasirika. Hilo ndilo limeniumiza zaidi. Alisema tu, "Na debe moja la maziwa nililimwaga, Koplo. Hilo nilisahau kuandika."

Nikamwita Sitati haraka. Akasimama, kofia mkononi.

"Risasi zilikuwa zinagonga bodi ya lori," akasema. "Huyu alikuwa analia. Analia kwa sauti, anamwita mamake. Sisi tuliolala kwenye mtaro tulimsikia yeye kabla hatujasikia injini. Lakini lori halikusimama. Tulikuwa tumekauka, wengine hata kuongea hawawezi. Akafika, akafungua bomba, bado analia. Mimi niko hapa kwa sababu ya huyo mtu."

Nilitaka sakafu inimeze. Msaliti! Mwalimu Cheruto akavua miwani. Wangui akafunika uso kwa leso. Halafu wakasimama wote wakapiga makofi, Kipkemboi akipiga kuliko wengine. Wananicheka kwa makofi! Nikatoka nje.

Wakachagua cha Kipkemboi.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda ibada. Wangui amerudi na kusema watu wameniulizia kwa heshima. Nimemwambia hiyo si heshima, ni huruma. Akasema miaka hii yote hakuwahi kujua ni kwa nini huwa naacha maji yakitiririka kwenye mfereji wa jikoni nikiyatazama tu. Nikamwambia anipe chakula.

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Cheruto kaja mwenyewe hadi mlangoni. Anasema kisa cha Sitati kikiingia kitabuni, vijana watakisoma changu mara tu baada ya cha Kipkemboi. Kisa hicho tu, kama kilivyotokea, na machozi yake yote. Alisema, "Koplo, msomaji anamwamini mtu aliyeogopa."

Sasa nimewaelewa hawa wasomaji. Wanataka machozi. Shida iko wapi? Nitawapa, hata ndoo nzima.

Nimekaa mezani na kuanza mara moja. Sentensi ya kwanza imetoka tamu sana: "Siku ile, katikati ya risasi, Sitati alilia kwa uchungu akimwita mamake, nami nikamfuta machozi huku nikiimba."